Chupa ya Tisa

Edixon amelibwaga mezani pangu
bomba lililokatwa, kama mwindaji na mzoga.
Ndani limebaki tundu la kupitisha kidole;
kuta zote ni masizi yaliyogeuka jiwe.
"Ona, mhandisi. Kisima kimezibwa koo."

Miaka yote aliikwangua lami kwa chuma na matusi,
akaimwagia zailini hadi macho yakamvimba,
na kila baada ya wiki sita ilirudi
kama deni.

Mimi nina chupa kumi na mbili za kioo,
mafuta ya Lagunillas, heptani, na usiku mmoja.
Asubuhi kumi na moja zina tope chini.
Ile ya tisa haina.

Namweleza: asfalteni hazichukiani,
ndiyo tabu. Shinikizo likipungua
hukumbatiana, moja juu ya moja, zikazama.
Dawa hii ina kichwa na mkia:
kichwa hung'ang'ania lami, mkia huelea mafutani,
na iliyokwisha kushikwa haina mkono wa kumshika mwenzake.

"Kwa hiyo haiyeyushi?"
Haiyeyushi. Inazuia tu zisikutane.

Anatazama nje,
ziwa la Maracaibo jeupe kwa jua.
Wanawe wako Bogota, Lima, Santiago;
hata Yuleisi, kitinda mimba, hajarudi.
"Mimi," anasema, "ningenunua kinyume chake."

Kisha anautia mtungi begani.
Pampu ndogo, matone arobaini kwa dakika.
Anayahesabu kwa sauti.