Jua Usoni

Baba mdogo Lugendo, aliyenifundisha kazi
kwenye studio ya Igogo, pazia la buluu na kigoda kimoja,
alikuwa na sheria moja, akiirudia kama salamu:
jua liwe mgongoni kwako.
Pasipoti, kipaimara, mahafali ya ualimu,
nusu ya Mwanza imekodoa macho mbele yake
kwa ajili ya sheria hiyo.

Lakini treni haikai kigodani.
Ya kutoka Tabora huja itakavyo,
leo alfajiri mbichi, kesho saa saba mchana,
na mara nyingine unaisikia tu Mkuyuni, usiku,
ikipita kama mtu anayekohoa asiyetaka kuulizwa.

Nimeikuta na umande kwenye lenzi,
nikafuta kwa upindo wa kanga, nikaongeza ukungu.
Nimeikuta jua la utosi, ziwa limekuwa bati jipya,
majabali yanapepesuka kwa joto, reli zimemezwa na weupe,
na picha ikatoka imeungua, imebaki honi tu,
nami peke yangu ndiye ninayeisikia.
Nimeikuta msimu wa visubi:
wingu lilisimama majini kama moshi wa jiko la mtu mkubwa,
kisha likaja nchi kavu, likaniingia puani,
taa ya kichwa ikalipasua
na kila kisubi kikawa cheche.
Nilibana pumzi, viwiko juu ya jiwe, shata imefunguka
muda wa kusema jina langu, Nkwimba, taratibu.
Picha thelathini na sita. Nikapata moja.
Nayo imepinda.

Mkuu wa stesheni, Bwana Balele, aliagiza picha ya kalenda.
Alitaka namba isomeke.
Nikampelekea ya jioni, jua linazama ng'ambo ya ghuba
na treni imepita kati yangu na jua:
mstari wa wino, mabehewa hayana namba wala kutu,
mwanga unavuja kwenye maungio yake, rangi ya chai ya rangi,
na mtu mmoja ananing'inia ngazini,
weusi juu ya weusi.
Akaigeuza juu chini.
"Dada, ulisahau kuwasha taa?"
Sikulipwa hata nauli.
Kalenda ilitoka na picha ya ofisi yake, mchana kweupe,
na maua.

Yangu niliibandika dirishani, kuziba ufa wa kioo.

Siku ya nne akasimama mama mmoja, beseni la dagaa kichwani.
Hakulitua.
Aliangalia kama anayesoma barua ya mwenzake.
"Huyu Shija wangu."
Mama, nikamwambia, hapo hakuna uso.
"Uso wa nini? Tazama bega la kushoto linavyoshuka.
Lilivunjika Malampaka, breki ilipogoma.
Hivyo anavyoning'inia
ndivyo anavyosimama mlangoni kwangu akija bila mshahara."
Akacheka, dagaa watatu wakaanguka, hakuwaokota.

Mimi nilikuwa nimepiga treni.
Miezi miwili niliitazama picha ile kila asubuhi nikifungua duka,
na bega sikuliona.

Alilipa kisado kimoja, na cha kujazia juu.

Usiku niliwakaanga kwa nyanya.
Baba mdogo ana mtoto wa jicho sasa, macho yote mawili,
anajua dirisha na anajua mtu akipita mbele ya dirisha, basi.
Akauliza nani kalipa dagaa.
Nikamweleza: jua usoni mwangu, treni katikati, sikuwasha chochote.
Akatafuna muda mrefu.
"Wana mchanga," akasema.
Kisha akasogeza sahani, aongezewe ugali.

Kesho wanasema itaingia saa kumi na mbili kasoro, na mvua.
Nina mfuko wa sukari wa kufunika kamera,
filamu imebaki picha nne.
Nimeweka viatu mlangoni.