Nalala na Deni

Zihindula nilikuwa namdai dola thelathini,
vitenge viwili vya harusi ya dada yake.
Nikapanda ngazi za Kadutu mara nne, viatu mkononi,
tope mpaka magotini, na yeye hayupo,
yuko Uvira, yuko msibani, anaoga.
Mara ya tano akatoka amebeba kikapu:
"Mama Nsimire, pesa sina. Chukua hiki, kitakubwekea."
Ndani mlikuwa na tumbo kama ndimu, masikio mawili,
na viroboto wasiohesabika.
Nikakiita Deni.

Ajira yake ilikuwa nje.
Nilimtandikia gunia la mkaa chini ya ukingo wa bati,
nikamweleza taratibu, kama mtu aliyetia saini karatasi:
wewe ni mlinzi. Kufuli likiguswa, sema.
Akanisikiliza, kichwa upande,
akala sambaza zake nne pamoja na mikia, akakaa.

Halafu Aprili.
Mvua ya Bukavu hainyeshi, inahama:
inashuka mlimani na udongo wa watu, sufuria za watu,
na bati likapiga kelele hata redio nisiisikie.
Usiku wa tatu mlango ukakwaruzwa.
Si kwa nguvu.
Kama jirani anayekuja kuomba chumvi
na anaona haya.

Tangu hapo tumegawana kitanda:
mimi nina ukuta, yeye ana kilichobaki.
Anaota, miguu inakimbia,
ananipiga mateke ya figo akimfukuza nani sijui.
Ananuka blanketi lililosahauliwa nje.
Ana joto la mkate.

Mama mkwe, M'Mugaruka, akaja kutoka Kabare na maharagwe yake,
akakiinua chandarua, akakishusha, akakiinua tena.
"Mbu umewafungia nje, viroboto umewakaribisha?
Na mwanangu akirudi kutoka Kamituga atalala wapi, kwenye gunia?"
Nikaendelea kusonga ugali.
Simu ya Kamituga haipatikani tangu Pasaka.

Muuguzi naye ana lake: minyoo, upele,
mpe dawa, mwoshe, alale chini.
Ana haki. Nikanunua dawa, nikanunua sabuni,
nikajumlisha kwenye daftari la vitenge:
Deni sasa linanidai mimi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.
Hawakusema lolote kuhusu deni lenye pua baridi
linalokuegemea mgongoni saa tisa usiku.

Kisha wakaja. Hatukusikia kitu.
Asubuhi beseni hakuna, jiko hakuna,
hata gunia wamelibeba, gunia la mlinzi!
na mlinzi amelala chali, ulimi nje, anakoroma.
Nikamtukana mpaka jirani akazima redio asikie vizuri.
Lakini nilipokuwa nafunga kilemba nikagundua
sikuamka usiku. Hata mara moja.
Sikuhesabu mabati. Sikutazama simu.
Beseni ni dola sita.
Usingizi ule wanauuza wapi, Kadutu au Nyawera?

Hata hivyo sheria ni sheria.
Jioni nikatandika gunia jipya, nikamtoa,
nikafunga mlango, nikajilaza katikati kama tajiri.
Kitanda kikawa kikubwa, kibaya.
Nikangoja mkwaruzo.
Saa sita. Saa nane.
Nikachungulia kwenye ufa: amekaa wima,
mgongo kwangu, macho getini,
anafanya kazi niliyompa, mjinga yule,
na mvua inamdondokea sikioni.

Nikainua ukucha.
Nikakwaruza ubao kutoka ndani,
si kwa nguvu.