Barua kwa Jina la Baba

Barua haikuja kwa jina langu.
Ilikuja kwa jina la baba, Lothar Zschoche, seremala,
nyuma ya stesheni, Görlitz, ghorofa ya chini,
kwa kuwa mkataba wa intaneti una sahihi yake,
na sheria hubisha hodi mlangoni kwanza
kabla ya kuuliza nani alikuwa ndani.

Kurasa kumi na moja. Alizisoma kasimama,
vumbi la mbao kwenye nyusi, miwani ikimteleza:
tarehe tatu Februari, saa saba na dakika kumi na nne usiku
(mimi nikiwa macho, yeye akikoroma),
programu ya kuchorea makabati
imegawiwa umma bila idhini ya mwenyewe.
"Imegawiwa?" akasema. "Nani kagawa nini?"

Nilidhani nachukua tu.
Bei yake inaipita bei ya gari letu la mizigo,
na wateja siku hizi hawaitaki penseli,
wanataka kuliona jiko lao likizunguka kwenye skrini
kabla ubao wa kwanza haujakatwa.
Nikaipata bure, vipandevipande,
kimoja kwa mtu wa Porto, kingine Daegu, kingine sijui wapi,
na kila kipande kilipotua kwangu
kompyuta yangu ilikipitisha mbele, kimyakimya,
kama mtoto apitishaye sahani mezani
asijue chakula ni cha nani.

Kizuri kula na mwenzio.
Sawa. Ila kizuri cha nani?
Hapo barua ilikuwa na majibu kurasa nane.

Wakili Mielke, ofisi yake juu ya duka la viatu,
alivua saa kabla ya kusoma.
"Karatasi hii msiitie sahihi, itawafunga miaka thelathini.
Wala msiitupe. Kimya nacho ni jibu,
na mahakama hulisoma."
Akafyeka mistari kwa kalamu nyekundu,
akaiandika ahadi upya, fupi: hatutarudia.
Euro elfu moja mia sita zikashuka hadi mia tisa,
awamu tatu,
na ujira wake juu.

Baba akauza randa ya umeme
kwa mtu wa ng'ambo ya mto, upande wa Poland,
aliyehesabu noti mara mbili na kuomba kikombe cha chai.
Hakunifokea. Bora angefoka.

Usiku ule akaniuliza, "Wameiandika kina nani?"
Nikamtafutia. Watu wanne, mji wa Ulm.
Kwenye picha mmoja ana ndevu, mmoja ni mjamzito,
na mbwa kalala chini ya meza yenye nyaya.
Nilikuwa nimewazia jumba la vioo,
lifti, watu wasio na majina.
Baba akaitazama picha hadi skrini ikazimika.

"Mwaka tisini na sita nilichonga kiti," akasema.
"Mgongo umepinda hivi," na mkono wake ukapinda.
"Nikakipeleka kwenye maonyesho, Dresden.
Mwaka uliofuata nikakikuta Leipzig, dirishani,
jina la mtu mwingine, bei maradufu."
Ukafanya nini?
"Nikaingia nikakikalia."
Akakuna shavu.
"Kilikuwa kimeungwa vibaya."

Sijui yule wa Porto kama naye kaletewa barua.
Sijui hata kama ni mwanamume.
Nina vipande vyake, au nilikuwa navyo;
nilivifuta mbele ya wakili,
kidole kimoja, sekunde mbili,
kazi ya watu wanne.

Awamu ya mwisho ilikwenda Ijumaa.
Stakabadhi ameipigilia msumari juu ya benchi,
karibu na futikamba, nisiweze kupima chochote bila kuiona.
Leo kaja Bibi Noack kuulizia jiko lake.
Nilikuwa nimelichora kwa penseli, siku tatu, na kufuta kwingi.
"Zuri," akasema. "Na haliwezi kuzunguka?"
Baba akaishika karatasi kwa ncha mbili,
akaizungusha.