Mfuko 4471

Alhamisi ya Januari, Brno. Theluji imekuwa tope
kwenye reli za tramu, nami sijanywa hata kahawa,
Květa wa benki ya damu ananipigia:
"Mfuko huu mmoja una wenyewe wawili."

O hasi. Namba 4471.
Wodi ya wazazi imeushika kwa ukurasa wa zamani,
chumba cha upasuaji kimeushika kwa ukurasa mpya,
na kote kuwili skrini imeandika kwa kijani: umehifadhiwa.

Hakufa mtu. Niliseme hilo mapema, nipumue.
Květa ana penseli na karatasi ya miraba,
hukagua kwa mkono kile ambacho mashine imeapa.

Nikafungua msimbo.
Programu moja, seva moja, ndani yake viunzi viwili:
kikongwe, alichokisuka Bohumír miaka kumi na tisa nyuma,
kimejaa maelezo ya Kicheki cha mkato anachokijua yeye tu;
na changu, chepesi, cha juzi, kinachojua kujipamba.
Kipya kinyemi, walisema ofisini,
wakaiacha nusu ya pili ya methali mlangoni.

Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo lililonitisha.
Kila kiunzi kilipoamka kilijiundia daftari lake,
kikahesabu mifuko, kikajumlisha, kikapata sawa.
Nakala mbili za ukweli mmoja,
na tangu dakika ya kwanza hazijuani.

Nikampigia Bohumír. Amestaafu, yuko Vysočina,
analima vitunguu saumu; sasa hivi vimelala chini ya barafu.
"Daftari ulilitafuta wapi?"
"Kwangu."
"Na mimi niliandika litafutwe kwangu." Akakohoa.
"Basi lisiwe kwako wala kwangu.
Liweke ukumbini, kabla hatujaamka sisi wawili."

Tukabishania jina hadi usiku wa manane.
Yeye analiita deník, mimi nalitaka registr.
Kitu kilichotundikwa ukumbini hakina mpini ila jina lake:
ukikosea herufi moja unapewa utupu,
na utupu haupigi kelele,
unajibu "hakuna" kwa adabu zote.
Likashinda lake. Si kwa uzuri;
lilikuwa limekwisha andikwa mahali mia mbili na tatu.

Halafu kufuli: wakija wawili kwa mpigo
mmoja aandike, mwingine angoje, japo kwa kufumba jicho.
Halafu lile nililolisahau mimi, yeye akalikumbuka:
usiku seva ikizimwa, kiunzi chake kina tabia
ya kufagia kila kinachokiona, kufunga kila kilicho wazi,
na changu kingebaki kinaandika kwenye daftari lililokufa.
"Kiambie," alisema, "kisicholiunda kisilivunje."
Nikayaandika maneno hayo hayo ndani ya msimbo,
mstari wa maelezo, na chini yake jina lake.

Husemwa fahali wawili hawakai zizi moja.
Wanakaa. Nimewaona. Hawapendani, hawasalimiani,
mmoja mzito wa kwato, mwingine hajatulia miguu,
lakini hori ni moja, na maji yakipungua
yamepungua kwa wote.

Jumatatu ukaja mfuko 4472.
Květa akabonyeza kwenye ukurasa wa zamani.
Kwenye mpya, meza ya pili, karibu na dirisha,
safu ikageuka kijivu kabla hajainua kidole.

Akaitazama skrini hii. Akaitazama ile.
Kisha akachukua penseli, akailamba ncha,
akaandika 4472 kwenye karatasi yake ya miraba.

Sikumzuia.