Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Alikuja na mradi wa maji, fundi bomba,
mabegi mawili na goti moja bovu.
Nikamwonyesha chumba cha nyuma, kile kinachotazama ziwa,
nikamtajia kodi. Hakuomba apunguziwe.
Nikajua: huyu Kigoma bado haijui.

Jina lake Ermes Zanforlin. Ulimi wangu ulikataa.
Nikamwita Mpangaji, naye akaitika.

Mimi mpira siujui.
Marehemu mume wangu aliujua kwa niaba ya nyumba nzima,
akafa redio ikiwa sikioni, dakika ya themanini,
hata leo sijui nani alishinda.

Kwa hiyo usiku ule umeme ulipokatika,
tumekaa barazani, ndoo ya mawese kati yetu,
aliponiambia, "Nilikuwa mshambuliaji,"
nilisogeza kiti.

Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akasimulia, Kiswahili chake kikichechemea
kama mwenyewe.

Huko kwao Italia mama yake alipalilia mpunga wa watu,
maji magotini toka alfajiri, mgongo umepinda kama mundu.
Hilo nalijua, nikamwambia, mimi mtoto wa bonde la Malagarasi.
Yeye alishinda akipiga mpira kwenye ukuta wa ghala,
pu! pu! pu!
mpaka mwenye ghala akamtafutia timu
ili ukuta upone.

Miaka kumi na sita. Timu tisa, zote za madaraja ya chini.
Mabao mia moja na manne,
moja kwa kisogo, amelala kifudifudi, hata hakuliona.
Ligi kubwa aliionja mara moja tu, dakika saba:
mvua, uwanja umefurika,
mpira ukamjia miguuni, lango tupu mbele yake,
na hapo akanyamaza.
Mbu wakaongea badala yake.
"Ukafanyaje?"
"Nikapiga juu."
Mkono wake ukaonyesha juu, juu zaidi,
hadi kule milima ya Kongo ilikojificha gizani,
nami nikatazama, kana kwamba mpira bado unakwenda.

Baadaye goti. Upasuaji mara tatu.
Mke akaondoka na bwana mmoja wa bima.
Watu waliomshangilia wakamkuta dukani ananunua mkate:
"Wewe si yule wa lango tupu?"
Mia na manne, jamani! Mia na manne,
na binadamu akashika lile lisiloingia.

Nikapasha mawese, nikampa ajichue.
Pole sikumpa. Pole haikandi goti.

Jumamosi nikateremka Kibirizi kununua dagaa.
Watoto wa mwaloni wanacheza kando ya chanja,
makasia mawili wameyachomeka mchangani ndiyo lango,
na langoni, suruali imekunjwa, nani? Mpangaji.
"We mshambuliaji, mbona umesimama huko?"
Hakugeuka, macho kwenye mpira:
"Niliwatesa makipa miaka kumi na sita. Nalipa deni."

Kipa mbovu, wallahi.
Akaja Evodia wa Ntibazi, kibinti cha miaka tisa,
magamba ya migebuka yangali mikononi,
wakabaki ana kwa ana. Goti la mzee likagoma kwenda kushoto.
Lango lote lake.
Akapiga juu.
Mpira ukaruka chanja, ukaruka mitumbwi, ukatua ziwani.
Wenzake wakamzomea hadi akaficha uso kwenye gauni.

Mpangaji akaingia majini na viatu vyake,
maji magotini,
akaurudisha, akaufuta kwa shati,
akauweka miguuni pa mtoto,
akachechemea kurudi langoni.
"Tena," akasema.

Mimi nikapimiwa dagaa wangu, visado viwili.
Nikiwa njiani nikasikia kelele huko nyuma. Sikugeuka.
Mpira siujui.

Ila jioni nilimpunguzia kodi, elfu tano,
nikasingizia paa linavuja.
Akanitazama:
"Kwa nini isiwe kumi?"
Nikajua: huyu sasa mwenyeji.