Barua za Radovan

Miaka tisa, kila Jumamosi hapa Olomouc,
Radovan tarishi ananianzishia mpira:
paa!
nami nimesimama kama nguzo ya wavu.

Mwaka huu nimeacha kuukodolea macho mpira.
Natazama bega lake la kushoto:
likifunguka mapema, utakwenda pembeni;
likichelewa, unanijia kifuani.

Anapourusha juu, naruka kidogo, kidogo tu,
kama aliyekanyaga kaa.
Raketi siivuti nyuma.
Nguvu ni zake;
nakopa, nalipa papo hapo.

Leo ulimwangukia miguuni,
vumbi jekundu likamjaa soksi.
Akacheka: “Zdislava, tangu lini
unasoma barua zangu kabla sijazileta?”

Alinishinda hata hivyo,
sita kwa nne.