Mstari wa Jina

Fomu ya cheti cha kifo ina mistari mitatu ya jina,
nami nimeteremka Tukuyu na neno moja tu.

Nikaandika: Malafyale.
Bwana Sanga akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Hicho ni cheo, dada, na kilifutwa
kabla mimi sijaota meno.
Kwetu Makete alikuwepo mtwa, na mtwa alikuwa na jina.
Babu yako aliitwa nani?"

Aliitwa Malafyale.
Sokoni, kanisani, kwenye daftari la chama cha kahawa.
Hata kadi ya hospitali ya misheni iliandikwa hivyo, kwa wino wa kijani.
Barua ilipokuja kumwambia
kwamba sasa ni raia kama raia wengine,
aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza.
Meza ikatulia.
Asubuhi wakaja tena na ugomvi wa mpaka wa migomba:
"Malafyale, tuamue."
Akaamua, bila mshahara, bila mhuri,
koti la khaki limetoboka kwapani.

Hivyo ndivyo cheo kilivyolila jina.
Waliocheza naye utotoni wamezikwa,
na mafumu waliomsimika wamezikwa.
Ajuaye ni mama peke yake,
na mama ni mkamwana.

Mkamwana hamtaji mkwewe.
Miaka arobaini na miwili alizunguka nyuma ya zizi
ili wasikutane mlangoni,
akilikwepa jina lile, na kila neno lililofanana nalo.

Nikampigia simu. "Mama, fomu inadai."
Kimya. Kuku. Mwiko ukigonga sufuria.
"Nilimheshimu akiwa hai, Tusajigwe.
Leo nimvunjie heshima kwa vocha ya mia tano?"
Kisha, taratibu:
"Huko kunafanyaje?"
"Kunanyesha, mama."
"Basi."

Basi.
Hapa Tukuyu, ambako mbingu haijui kufunga bomba,
sijawahi kumsikia mama akisema *ifula*.
Alisema: anueni nguo, inakuja ile.
Alisema: maji ya juu yamezidi, maharage yataoza.
Tulimcheka sana, sisi watoto.
Tulimwigiza jikoni.

Bati la ofisi lilikuwa likiunguruma.
"Umepata?" Bwana Sanga akapaza sauti.

Mimi ni mjukuu, naruhusiwa.
Hata hivyo mkono ulisita kwenye kila herufi:
F, U, L, A.
Kazi ya marehemu, akauliza.
Mkulima, nikasema, na mhuri ukashuka.

Nyumbani nilifika usiku, cheti kifuani ndani ya mfuko wa nailoni,
viatu mkononi.
Mama akanitazama toka kichwani hadi kwenye matope.
"Imekushika njiani?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu.
"Ile."